Maji ya karavani: tangi na pampu, bomba la kambi, au valvu inayojifunga yenyewe?

Saa nane za usiku, watoto wamelala, pampu ya maji chini ya kitanda ikakohoa. Drrr, sekunde moja, kisha kimya. Hakuna aliyefungua koki. Nikatega sikio. Baada ya dakika kama kumi, drrr tena.

Mwenye karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, anaujua mlio huo. Pampu ikiwa imewashwa na koki zote zimefungwa haina kazi ya kufanya. Ikizunguka ni kwamba presha imeshuka, na presha haishuki bure. Maji yanatoka mahali. Nikachukua tochi na karatasi ya chooni, nikaingiza kichwa chini ya sinki, nikawa napitisha karatasi kavu kwenye kiungio kimoja baada ya kingine. Kwenye nati ya plastiki ya maji ya moto karatasi ikalowa doa dogo kama punje ya mtama. Nikaikaza kwa vidole, robo mzunguko tu, nikazima swichi ya pampu, nikarudi kulala.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, nati ya namna hiyohiyo nyuma ya choo ilikuwa imechomoka kabisa tukiwa tumekwenda ziwani kwa saa tatu. Safari ile tulikuwa tumeunga mpira kwenye bomba la kambi, yaani la uwanja tulikoegesha, na bomba la kambi halikohoi. Tuliporudi tulikuta maji yanashuka ngazi za mlangoni taratibu, kama vile ndani kuna chemchemi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yanazoleka, ila kwa mashine ya kukodi, na zulia tulilikata vipande tukalitupa.

Nati ni ya aina moja, na barabara zilizoilegeza ni zilezile. Kilichotofautiana ni maji yaliyokuwa yanasubiri nyuma yake.

Siku hizi ndugu zetu wengi wa Marekani na Kanada wananunua karavani za mitumba, na swali lao ni moja: nitumie tangi langu na pampu, niunge kwenye bomba la kambi kwa kidhibiti presha, au nitoe pesa ninunue ile valvu inayojifunga yenyewe maji yakigusa sakafu? Njia zote tatu nimezitumia, na kila moja ina watu wake.

Kwanza tuelewane kwa nini zinavuja

Karavani ni nyumba inayokimbizwa kwa kilomita 100 kwa saa. Kila shimo la barabarani linaitingisha kuanzia msingi hadi paa. Mabomba yenyewe, yale ya plastiki ya PEX, ni magumu kuliko wengi wanavyodhani: yametengenezwa kuhimili psi 160 (psi ni kipimo cha presha) kwa maji ya baridi, na psi 100 hata maji yakiwa na moto wa nyuzi 82. Kinachoachia ni viungio: nati za plastiki zinazokazwa kwa mkono, washa za mpira zilizokauka, shingo ya valvu ya choo, kile kichujio chenye kifuniko cha plastiki angavu mbele ya pampu.

Halafu kuna presha, na hapa sisi tuliokulia na simtanki juu ya mnara hatukulelewa kuiogopa. Maji yaliyo mita 10 juu ya koki yanasukuma kwa baa 1 tu, yaani psi 14 na nusu. Mnara wa nyumbani wa mita 6 unakupa psi 8 au 9, na kuoga ni kwa subira. Bomba la kambi lenye psi 80 ni sawa na simtanki lililowekwa mita 56 juu ya kichwa chako, kwenye paa la jengo la ghorofa 18 hivi. Kanuni za mabomba za Marekani zinataka nyumba yenye presha ya zaidi ya psi 80 iwekewe kidhibiti. Kambini, hasa iliyo bondeni chini ya tangi la kilimani, unaweza kukuta zaidi ya hapo, na usiku watu wakiacha kutumia maji presha hupanda tena.

Vigezo nitakavyotumia

Kigezo kizito kuliko vyote ni maji yanayosubiri: kiungio kikiachia na hakuna mtu ndani, ni lita ngapi zitakazomwagika kabla ya kitu chochote kuyasimamisha? Watu huanza na bei. Mimi naanza hapa, kwa sababu sakafu ya karavani nyingi ni ubao wa tabaka au wa chembe uliogandishwa kwa gundi, juu ya povu la kuzuia baridi, na chini yake kuna shuka la plastiki linalofunika tumbo lote la gari. Maji yakishuka humo hayana pa kutokea. Ukilala chini ya gari ukaona tumbo limening'inia, ukilibonyeza kwa kiganja likacheza kama kiriba, ujue ndani kuna bwawa.

Vingine ni bei, usumbufu wa kila siku, namna njia yenyewe inavyoshindwa (kila kitu hushindwa, ila si kwa namna moja), na mwenendo wake kwenye baridi.

Tangi na pampu peke yake

Hapa huungi mpira wowote ukaishi nao. Unajaza tangi la maji safi, unaondoa mpira, unatumia pampu ya volti 12.

Maji yanayosubiri. Tangi la kawaida la karavani ya familia lina lita 150 hivi. Hayo ndiyo mafuriko yako makubwa kuliko yote, hata kiungio kikichomoka kabisa. Pampu nyingi husukuma kama lita 11 kwa dakika, kwa hiyo ukiiacha imewashwa ukaondoka, tangi litakauka ndani ya robo saa na balaa litaishia hapo. Ukizima swichi unapotoka, balaa halianzi: kinachobaki bombani ni vikombe vichache. Swichi hiyo iko ukutani karibu na mlango, na watoto wangu wanajua kwamba wa mwisho kutoka ndiye anayeizima.

Bei. Hakuna cha kununua. Pampu na tangi vimekuja na karavani.

Usumbufu. Ndio unaowakimbiza wengi. Familia ya watu watano, hata ikioga kwa kufungua na kufunga, inamaliza lita 150 kwa siku moja na nusu hadi mbili. Kisha ni kujaza tena: ama unasogeza gari hadi kwenye bomba la pamoja, ama unabeba madumu, ambayo kwa waliokulia kwetu si jambo geni lakini likizoni linachosha. Tangi lililojaa ni kilo 150 za ziada, na karavani ndogo nyingine hazina nafasi ya uzito huo pamoja na mizigo. Humo unasafiri na robo tangi na kujaza ukifika. Pampu nayo inanguruma kila mtu anaponawa mikono.

Namna inavyoshindwa. Kwa kelele, na hilo ndilo ninalolipenda. Kiungio kinachodondosha tone kinaifanya pampu ikohoe, kwa hiyo mfumo wenyewe unakushtaki. Jaribio lake ni rahisi: funga koki zote, washa pampu, iache ijae na kunyamaza, kisha kaa kimya nusu saa na kikombe chako cha chai. Ikikohoa, tafuta. Hatari iliyojificha ni wakati wa kujaza. Karavani nyingine zina swichi ya kugeuza maji ya bomba yaingie tangini kwa presha. Ukiisahau hapo na tundu la kutolea hewa ni jembamba, tangi linavimba na linaweza kunyanyua ubao wa kitanda kilicho juu yake.

Baridi. Hakuna mpira wa nje wa kuganda. Tangi likiwa ndani ya eneo linalopashwa moto unaweza kukaa nalo hata usiku wa barafu.

Jirani mmoja wa kambini, mzee Mkenya aliyestaafu kuendesha malori, ndiye aliyenipa msimamo wa njia hii kwa maneno machache: "Kijana wangu, bomba la wenyewe siliamini. Nalichukulia maji, nalifunga, naenda zangu."

Bomba la kambi na kidhibiti presha

Unaunga mpira wa maji ya kunywa kutoka bomba la kambi hadi kwenye tundu la ubavuni mwa gari, na katikati unaweka kidhibiti cha shaba.

Maji yanayosubiri. Hayana mwisho. Mpira wenye kidhibiti bado unapitisha lita 10 hadi 12 kwa dakika kwa urahisi. Piga hesabu ya ile safari yetu ya ziwani: lita 12 kwa dakika 180 ni lita 2,160, zaidi ya mapipa kumi ya lita 200. Wengi wanachanganya jambo hili, nami nililichanganya: kidhibiti kinapunguza uwezekano wa kiungio kuachia, lakini kikishaachia hakizuii kitu. Siku ile kidhibiti kilikuwepo na kilikuwa kizima. Kinachozuia mafuriko kwa njia hii ni mkono wako kwenye koki ya kambi kila unapoondoka.

Bei. Kile kidogo kisichorekebishika ni kama dola 10 hadi 15. Chenye geji na skrubu ya kurekebisha ni kati ya dola 30 na 60. Ningekushauri hicho cha pili, kwa sababu kile kidogo hubana pia wingi wa maji na bafuni utayahesabu matone, na hakina geji ya kukuonyesha kimechoka. Rekebisha ibaki psi 45 hadi 50, ambayo ni karibu sawa na presha ambayo pampu ya gari yenyewe hujizimia.

Kifunge kwenye bomba la kambi, mpira ufuate baada yake. Nimeona wengi wakikifunga ubavuni mwa gari, mpira unabaki na presha yote, unavimba juani kama chatu aliyemeza mbuzi, na siku unapasuka.

Usumbufu. Karibu haupo, na hii ndiyo sifa yake kubwa. Unaoga kama nyumbani, unaosha vyombo, hakuna pampu inayonguruma. Kwa wiki nzima kambini na watoto wadogo, raha hiyo ina thamani. Nidhamu inayodaiwa ni moja: kila mnapotoka wote, funga koki ya kambi, kisha fungua koki moja ya ndani kidogo presha ishuke. Sekunde ishirini. Ila ni sekunde ishirini ambazo mtu husahau siku ya tatu, mvua ikinyesha, mtoto akilia garini.

Namna inavyoshindwa. Kimyakimya. Tone lililo chini ya sinki halina pampu ya kulitangaza. Linadondoka wiki tatu ndipo unasikia harufu. Kidhibiti nacho huziba kwa mchanga au hukwama kikiwa wazi, na ukiwa na geji unaona, usipokuwa nayo huoni. Kisha kuna ile valvu ndogo ya kuzuia maji kurudi nyuma iliyomo ndani ya pampu. Ikichoka, maji ya kambi yanapita ndani ya pampu iliyozimwa yanaingia tangini, tangi linajaa na kumwagika chini ya gari. Mtu anaona maji chini anadhani bomba limepasuka, anafungua sakafu bure. Ukiona hivyo tazama kwanza kama tangi uliloliacha nusu sasa limejaa.

Nyongeza kidogo kuhusu hita, maana inawatisha wageni: maji yakipashwa moto yanatanuka, na kwa kuwa hayawezi kurudi kwenye mpira presha ya ndani inapanda juu ya kile ulichorekebisha. Valvu ya usalama ya hita, ambayo kwa kawaida hufunguka kwenye psi 150, hutoa matone ubavuni mwa gari. Mara nyingi ni hewa iliyokwisha juu ya tangi la hita. Fuata maelekezo ya hita yako ya kuirudisha, hita ikiwa imezimwa na maji yamepoa.

Baridi. Mpira na kidhibiti ndivyo vinavyoganda kwanza. Kuna mipira yenye waya wa kupasha moto, lakini mingi inazidi dola 100 na inahitaji umeme wa kambi. Usiku mmoja wa barafu unatosha kukiua kidhibiti chenye maji ndani: maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi, na shaba haitanuki.

Valvu inayojifunga yenyewe

Vihisi vidogo vinawekwa sakafuni mahali panapovuja, na valvu ya mota inawekwa kwenye njia ya maji. Kihisi kikilowa, valvu inafunga. Nyingine hazitumii vihisi. Zinapima maji yanayopita na kufunga yakizidi muda au kiasi ulichopanga.

Maji yanayosubiri. Kihisi kikiwa mahali sahihi, ni ndoo moja au mbili, uwe upo au haupo. Kwa kigezo hiki inalishinda bomba la kambi kwa mbali, na inakaribiana na tangi.

Bei. Kuanzia kama dola 100 kwa zile zinazofungwa kwenye mpira hadi dola 500 kwa zile zinazotuma ujumbe kwenye simu. Ukimlipa fundi kuziunga ndani, ongeza.

Usumbufu. Baada ya kufunga, ni betri tu na kuzijaribu. Zile za kupima kiasi zina kero yake: unajaza tangi, zinadhani kuna mafuriko, zinakufungia.

Namna inavyoshindwa. Hapa ndipo inafaa kununua kwa macho wazi. Kihisi kinajua pale kilipo tu. Gari likiwa limeinama kidogo upande wa kushoto, na kambini halikai sawa kabisa, maji yanakimbilia kushoto na kihisi kilicho kulia kinabaki kikavu kama unga. Mimina kikombe cha maji sakafuni gari likiwa limeegeshwa, uone yanakwenda wapi, ndipo uweke kihisi. Sehemu nne hazikwepeki: chini ya sinki la jikoni, nyuma ya choo, karibu na hita, na chini ya pampu.

Kosa jingine ni la uungaji. Valvu iliyofungwa kwenye mpira wa nje inazima bomba la kambi peke yake. Kama pampu imeachwa imewashwa, presha ikishuka nayo inaanza kusukuma maji ya tangi kwenye tundu lilelile, kwa bidii yote. Ama valvu iwekwe baada ya mahali njia mbili zinapokutana, ama mfumo uwe unakata na umeme wa pampu. Muuzaji asipoweza kukujibu hili kwa sentensi moja, tafuta mwingine. Na zinazotegemea waifai ya kambi kutuma ujumbe, basi ujumbe huo utaupata waifai ikipenda. Hakikisha kufunga kwenyewe hakutegemei intaneti.

Baridi. Valvu huweka maji ndani ya tumbo lake ikiwa imefungwa. Lazima iachwe wazi na ikaushwe kabla ya majira ya baridi, la sivyo inapasuka mahali ghali.

Kwa wasiotaka kutoa dola mia kuna njia ya kando: saa ya kumwagilia bustani, inayofungwa kwenye bomba la kambi na kujifunga baada ya dakika ulizoweka. Unaipa dakika 30 asubuhi, 30 jioni. Ni ya kishamba kidogo, lakini mafuriko yake yana mwisho. Na vile vikengele vya betri vya dola 10 hadi 15 vinavyolia vikigusa maji, hivyo ningeweka kwa njia yoyote kati ya hizi. Usiku vinaamsha nyumba nzima. Mchana usipokuwepo vinamlilia jirani.

Ambayo hakuna njia kati ya hizi inayoyazuia

Mafuriko mengine hayatoki kwenye maji safi. Tangi la maji ya sabuni likijaa na valvu yake imefungwa, maji yanarudi juu kupitia tundu la bafuni, kwa kuwa bafu ndilo lililo chini kuliko sinki. Mwenye tangi dogo la maji safi ana bahati hapa, maana hawezi kumwaga mengi kuliko aliyobeba.

La pili ni la aibu na sitalieleza kwa kirefu. Karavani nyingi zina tundu maalumu la kuunga mpira ili kusuuza tangi la choo kwa ndani. Ukiunga, ukafungua, ukaanza kuzungumza na jirani huku valvu ya kutolea imefungwa, tangi linajaa, na maji yale yanatafuta njia: ama kupitia bakuli la choo, ama kupitia bomba la hewa hadi paani. Weka kengele ya simu dakika tatu na usiondoke hapo. Tumia pia mpira wa rangi nyingine ambao haujawahi kugusa maji ya kunywa.

La tatu ni mvua. Gundi inayoziba kingo za madirisha ya paa na matundu ya hewa huchanika kwa jua na mtikisiko. Watengenezaji wengi wanataka ikaguliwe kila baada ya siku 90. Panda na tochi, tafuta nyufa nyembamba kama unywele, ziba kwa gundi ya aina inayokubaliana na paa lako. Paa la mpira wa EPDM haliwezi kitu chochote chenye mafuta ya petroli, linavimba. Na silikoni ya dukani iache, maana ikishakauka hakuna gundi nyingine itakayoishika.

Mwisho wa msimu njia zote tatu zinafika mahali pamoja: kumwaga maji yote, kisha ama kupuliza mabomba kwa hewa isiyozidi psi 40, ama kupitisha ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda. Iwe ya propilini glaikoli. Ile ya redieta ya gari, ya ethilini glaikoli, ni sumu na haina ruhusa kuingia kwenye bomba la kunywea.

Nani achukue ipi

Unayetoka wikendi kwenda hifadhi za jimbo, kama sisi wa Minnesota, mara nyingi huna hata la kuchagua. Viwanja vingi vinakupa umeme tu, maji unajaza kwenye bomba la pamoja unapoingia. Tangi na pampu, zima swichi ukitoka, basi.

Karavani ya mitumba msimu wake wa kwanza, usiiunge kwenye bomba la kambi kabla hujalala nayo safari mbili tatu kwa pampu. Iache ikohoe ikwambie siri zake. Na kama ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 na mabomba yake ni ya kijivu, huenda ni yale ya polibutilini, ambayo Marekani iliacha kuyafunga majumbani kufikia 1995 kwa sababu yalikuwa yanapasuka. Hayo nisingeyapa presha ya kambi hata kwa kidhibiti, mpaka yabadilishwe.

Familia yenye watoto wadogo inayokaa wiki nzima kwenye kambi ya binafsi itachoka na tangi siku ya pili. Bomba la kambi, kidhibiti chenye geji, vikengele viwili, na mtu mmoja aliyekabidhiwa koki ya nje kwa jina. "Sote tutakumbuka" maana yake hakuna atakayekumbuka.

Muuguzi wa mikataba anayeishi ndani ya karavani kwa wiki 13 karibu na hospitali, anayeondoka alfajiri na kurudi baada ya zamu ya saa 12, yeye ndiye niliyemwandikia sehemu ya valvu. Koki ya kambi ataisahau siku moja kati ya tisini, na siku moja inatosha. Dola mia tatu kwake ni bei ndogo. Vivyo hivyo kwa anayempangishia mgeni karavani yake: mgeni hajui mlio wa pampu, wala hajui swichi iko wapi.

Anayeishi humo mpaka baridi kali arudi kwenye tangi usiku wa barafu, hata kama mchana anatumia bomba. Ajaze mchana, aondoe mpira, aumwage maji na kuuingiza ndani.

Na kwa walio nyumbani waliojenga kitanda na jiko ndani ya Land Cruiser, wakajaza maji kwa madumu Namanga au Iringa kabla ya kuingia porini, mjadala wa presha hauwahusu. Tangi lao la lita 60 haliwezi kuzamisha kitu zaidi ya godoro. Kikengele kimoja chini ya pampu, na nati zikazwe kwa vidole kila baada ya barabara ya vumbi.